Atachimenti ya sosholojia Mombasa: omba kazi, usiombe nafasi

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa kike, mwaka wa tatu wa sosholojia katika chuo kikuu kimoja cha bara, kwetu Likoni. Idara inataka wiki 12 za atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kuanzia Mei. Nimetuma barua pepe 11 kwa ofisi za hapa Mombasa, sijajibiwa hata moja. Mjomba anaweza kuniingiza kwenye tawi la benki mjini, kazi ya kuelekeza wateja na kujaza fomu za akaunti. Niende huko ili mradi wiki zitimie? Na nikipata ofisi inayohusu masomo yangu, nifanyeje nisiwe mtu wa kutumwa fotokopi tu?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Benki tuiweke kando kwanza, tutairudia.

Mwanafunzi wa uhasibu akiomba nafasi, ofisi inajua pa kumkalisha, kwa kuwa vocha za kulinganisha hazikosi. Wa uhandisi atapelekwa karakana. Lakini afisa akisoma kwamba wewe ni wa sosholojia, hajui kama ameletewa mtu wa kuhoji, wa kutembelea majumba, wa kupanga takwimu au wa kuandika ripoti. Na asipojua, barua huilaza. Mara nyingi nafasi ipo, ila hakuna aliyemwonyesha afisa ataitumiaje. Hiyo ndiyo kazi ya barua yako, na nina hakika zile 11 hazikuifanya. Bila shaka ziliandikwa kwa mtindo ule wa “naomba kufanya atachimenti katika shirika lenu tukufu, niko tayari kufanya kazi yoyote”. Anayesema kazi yoyote ndiye atakayepewa fotokopi.

Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo ofisi zetu zilivyozoea, lakini kiini chake kiwe kama hiki: “Naomba atachimenti ya wiki 12, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, katika kitengo chenu cha ustawi wa jamii. Nimesoma mbinu za utafiti, takwimu za jamii na sosholojia ya familia. Naweza kupokea na kusajili wanaofika ofisini, kuandamana na maafisa kwenye ziara za majumbani na kuandika maelezo yake, na kupanga data katika jedwali la kompyuta. Nazungumza Kiswahili na Kidigo. Ndani ya wiki hizo ningependa kuwatengenezea orodha mpya ya huduma za rufaa, yaani mahali ofisi inapoweza kumwelekeza mtu kwa msaada zaidi, katika kaunti ndogo hii.” Kama hujui Kidigo usikiandike, maana wiki ya pili tu utaambiwa uzungumze na bibi wa Shika Adabu, huko huko Likoni, naye hajui lugha nyingine. Barua isizidi ukurasa mmoja. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza zisikosekane, kwa sababu ofisi hupanga wanafunzi kwa miezi, na barua isiyo na tarehe haina pa kupangwa.

Angalia pia neno ulilotumia kwenye kichwa cha barua. Atachimenti ni ya mwanafunzi aliye masomoni na ni sehemu ya shahada. Intanshipu katika utumishi wa umma ni ya aliyekwisha kuhitimu, na ile ya Tume ya Utumishi wa Umma ina tangazo lake na posho yake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiandika intanshipu, barua huingia kwenye faili ambalo yeye hana haki nalo, na hakuna atakayempigia simu kumsahihisha.

Halafu usitegemee barua pepe peke yake. Chapisha nakala mbili, uende nazo mwenyewe asubuhi, uziwasilishe masijala au kwa katibu. Moja inabaki, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Baada ya siku saba za kazi rudi na nakala yako. Usiulize “nimepata nafasi?” Uliza barua ya tarehe ile imepelekwa kwa nani. Ukishajua iko mezani kwa nani, unaweza kuomba dakika tano za kumwona. Ofisi kubwa kama Halmashauri ya Bandari au serikali ya kaunti zina utaratibu wake kupitia idara ya wafanyakazi, na huko kuruka ngazi hakusaidii. Ofisi ndogo ya maafisa watatu ni kinyume chake: anayeamua ndiye huyo huyo anayekufungulia mlango.

Kwa atachimenti ya Mei, barua zifike Januari hadi Machi. Aprili inawezekana, lakini utakuwa unagombania mabaki.

Makaratasi ya kufungia nyuma ya barua: barua ya utangulizi ya chuo yenye mhuri, nakala ya kitambulisho cha taifa na cha chuo, wasifu wa kazi wa kurasa mbili, na uthibitisho wa bima ya ajali kwa kipindi chote. Bima ndiyo huangusha wengi. Vyuo vingi huwakatia wanafunzi wao, ila lazima uiombe hati yenyewe, na uangalie kwamba tarehe zake zinafika mwisho wa wiki ya 12. Kwa ofisi zinazoshughulika na watoto omba mapema cheti cha maadili mema cha polisi. Kinaombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole, na kusubiri kwake hakufuati kalenda yako.

Sasa, wapi? Mombasa ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Wanafunzi wengi hung'ang'ania ofisi za kisiwani kana kwamba ng'ambo hakuna serikali. Wewe wa Likoni una faida ya kuanzia nyumbani.

Mahali ninapopapendekeza kwanza kwa mwanafunzi wa sosholojia ni ofisi ya probesheni, inayowachunguza washtakiwa na kuwasimamia waliohukumiwa kutumikia adhabu nje ya gereza. Wachache hupafikiria, kwa kuwa jina linawatisha. Kabla ya kutoa hukumu, hakimu anaweza kuagiza ripoti ya uchunguzi wa kijamii kuhusu mshtakiwa: amelelewa wapi na nani, ana kazi gani, jamaa wako tayari kumpokea, mlalamishi anasemaje, mzee wa mtaa anamjuaje. Afisa huenda hadi nyumbani, huhoji, huoanisha maneno yanayogongana, kisha huandika pendekezo. Hiyo ni sosholojia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ina msomaji halisi anayeisubiri kwa tarehe. Tena kuna watu wanaotumikia jamii badala ya kifungo, chini ya sheria ya 1998, na mahudhurio yao lazima yafuatiliwe. Hutaandika ripoti ya mahakama wewe. Utaandamana na afisa, utaandika maelezo ya ziara, na afisa atakuonyesha ni sentensi zipi zimebeba ushahidi na zipi ni maoni yako tu.

Ofisi ya afisa wa watoto katika kaunti ndogo ni ya pili. Malalamiko yanayoletwa mezani ni ya matunzo, malezi, watoto waliotelekezwa, utoro wa shule, na ugomvi wa nani akae na mtoto baada ya talaka. Utajifunza kumpokea mtu mwenye hasira, kuchambua madai ya pande mbili, na kujua lini shauri linapatanishwa na lini linapelekwa polisi au mahakamani chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Kazi ni nyingi na viti ni vichache, kwa hivyo ndiko utakakohitajika hasa.

Idara ya ustawi wa jamii katika hospitali ya Coast General hupima uwezo wa mgonjwa asiyeweza kulipa, hutafuta jamaa wa aliyeachwa wodini, hupanga anakokwenda anayeruhusiwa. Ukivutiwa na matumizi ya dawa za kulevya, kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, huko Kisauni na mashirika ya urekebishaji, ila kwanza jipime moyo. Haki Africa, Muhuri na tawi la Kituo cha Sheria hushughulika na malalamiko ya haki za binadamu na msaada wa kisheria. Anayeelekea anthropolojia apeleke barua Fort Jesus, kwenye makavazi. Na kwenye idara za kaunti, muda wako unaangukia pazuri: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hutakiwa kufika Bunge la Kaunti ifikapo 1 Septemba, kwa hivyo kuanzia Julai kuna maoni ya wananchi ya kukusanya, kupanga kwa mafungu na kufupisha. Juni usiwasumbue sana. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na kila mtu anakimbizana na malipo.

Ukishapata, siku tatu za kwanza ndizo zitakazoamua kama utakuwa mtu wa fotokopi. Fotokopi utatoa, tena bila kununa, kila mtu ofisini hutoa. Ubaya ni ikiwa huna kingine. Kaa na msimamizi wako nusu saa, mkubaliane kwa maandishi juu ya mambo mawili: kazi za kila wiki, na kitu kimoja utakachokiacha ofisini ukiondoka. Wiki ya kwanza na ya pili ni za kuangalia na kusoma mafaili unayoruhusiwa. Ya tatu hadi ya tisa, kazi yenyewe. Tatu za mwisho ni za kumalizia, kukabidhi na kuandika ripoti ya chuo.

Kitu cha kuacha kisiwe kikubwa. Ile orodha ya rufaa niliyoitaja kwenye barua ni mfano mzuri, kwa sababu karibu kila ofisi inayo na karibu kila moja imepitwa na wakati. Mama anafika na mtoto aliyepigwa, afisa anafungua karatasi ya ukutani, anapiga namba, haipatikani. Tengeneza jedwali: jina la huduma, inampokea nani (umri, jinsia, anatoka wapi), siku na saa, inalipishwa au la, mtu aje na hati gani, simu ya ofisi, na safu ya mwisho, ambayo watu huisahau, tarehe uliyohakikisha. Kila namba uipige wewe. Kila kituo kilicho ndani ya kaunti ndogo yako ukifikie kwa miguu au kwa matatu, maana simu itakwambia wanapokea kila siku, na ukifika utakuta bango linasema Jumanne na Alhamisi. Weka juu kabisa 116, namba ya bure ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto, na 1195 ya dhuluma za kijinsia. Huduma thelathini zilizohakikishwa zinashinda mia moja ulizonakili mahali.

Kuhusu ziara za majumbani na hojaji, jambo moja hapa Pwani litakusumbua kuliko jingine. Fomu nyingi zimetafsiriwa zikasema “mkuu wa kaya”. Kwa Mmijikenda, kaya ni ule msitu mtakatifu na makao ya wazee, na misitu hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Ukimuuliza bibi wa Mtongwe nani mkuu wa kaya, anaweza kukutajia mzee wa Kwale. Tena neno mkuu lina lake: baba yuko Saudia miaka minne, hela zatoka kwake, lakini anayeamua mtoto aende shule gani ni nyanya, na anayenunua unga ni binti wa kwanza anayeuza viazi karai. Mkuu ni yupi? Jibu utakalopata litategemea nani amekaa karibu wakati unauliza. Uliza kwa kipimo cha chungu: “Hapa mnapika chungu kimoja na nani?” Hicho ndicho kiini cha maana ya kitakwimu, watu wanaokaa pamoja na kula pamoja chini ya mkuu mmoja, na kila mtu anakielewa. Kisha uulize maamuzi moja moja. Pale utakapoona fomu na maisha havilingani, andika pembeni. Hayo ndiyo maandishi yatakayoibeba ripoti yako.

Mengine ya ziara ni adabu uliyolelewa nayo. Hodi mara tatu, shikamoo kwa aliyekuzidi, usianze kuandika kabla ya kukaribishwa na kueleza umetoka wapi. Usiende peke yako. Chifu au mzee wa mtaa ajue mpo. Na mwezi wa Ramadhani ukikuangukia, usimfuate mtu alasiri wakati amefunga na sufuria ziko jikoni. Nenda asubuhi.

Daftari la kumbukumbu lijazwe jioni ya siku hiyo hiyo. Anayejaza wiki nzima Ijumaa huonekana, wino mmoja na maneno yale yale. Linganisha. Maelezo mabaya: “Leo nilisaidia ofisini na kujifunza mengi.” Maelezo mazuri: “Nilisajili watu 6. Wanne walidai matunzo, wawili walileta ugomvi wa malezi. Katika madai ya matunzo, watatu walisema walikwenda kwanza kwa wazee wa familia na mmoja kwa imamu. Nilidhani ofisi ndiyo hatua ya kwanza, kumbe ni ya pili. Kesho nitamuuliza afisa kama fomu ina mahali pa kuandika hatua hizo.” Mhadhiri akisoma hivyo haulizi tena kama ulihudhuria. Msimamizi atie sahihi kila wiki. Ukingoja mwezi wa tatu utakuta yuko likizo.

Ndani ya daftari hilo kusiwe na jina la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya na za familia, pamoja na majina ya watoto wa mtu, kuwa data nyeti. Tumia namba: shauri la 1, la 2. Lakini kufuta jina hakutoshi katika mji ambao watu wanajuana. Ukiandika “mjane wa watoto saba mwenye duka la mkaa karibu na msikiti” umemtaja mbele ya mtaa mzima. Badilisha au ondoa maelezo yasiyo ya lazima: ziache hali ya ndoa na aina ya riziki kama ndizo hoja yako, duka na msikiti uviondoe. Hakuna picha za wateja kwenye simu, hakuna faili la kutuma nyumbani kwa WhatsApp “nimalizie usiku”. Na usichanganye vibali. Ruhusa ya atachimenti si ruhusa ya utafiti. Kama unawazia kutumia shauri za ofisi kwenye tasnifu yako ya mwaka wa nne, utahitaji idhini ya chuo, ya ofisi, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, kabla ya kukusanya chochote.

Mhadhiri wa kukukagua anatoka mbali, na chuo cha bara hukusanya wanafunzi wa Pwani pamoja ili mkaguzi awazungukie kwa siku chache. Fomu ya kueleza ulipo ipeleke wiki ya kwanza, ikiwa na jina la jengo, ghorofa na simu ya msimamizi. Aliyechelewesha fomu huachwa nje ya ratiba, kisha hukosa alama za ukaguzi.

Pesa: usitegemee malipo. Kivuko cha Likoni hakimtozi anayevuka kwa miguu, lakini matatu ni zako. Tuseme nauli ni shilingi 50, unapanda moja upande huu na moja upande ule: safari nne kwa siku, siku 60, ni shilingi 12,000 kabla ya chakula. Ukipata ofisi ya Likoni kwenyewe, nyingi ya hizo zinabaki mfukoni, pamoja na saa unayoipoteza kwenye foleni ya feri. Hesabu hiyo uifanye kabla ya kupeleka barua. Na mtu yeyote akikwambia nafasi ina “chai” yake, ondoka, atachimenti haiuzwi. Akiwa ni msimamizi anayekutaka kimapenzi, andika tarehe na maneno aliyosema, mweleze mratibu wa chuo siku hiyo hiyo. Kumsumbua mtu kimapenzi kwa kutumia mamlaka ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006.

Tukirudi kwa benki ya mjomba. Soma kwanza mwongozo wa idara yako. Baadhi hukubali mahali popote, baadhi hutaka mratibu aidhinishe, na wiki 12 zilizokataliwa mwishoni hazirudi. Usimkatalie mjomba, mwombe akusubiri hadi katikati ya Aprili. Peleka barua mpya tano, kwa mkono: probesheni, afisa wa watoto Likoni, hospitali, kaunti, na shirika moja la haki. Kama zote zitashindikana, chukua benki, lakini omba kwa maandishi uwekwe kwenye meza ya malalamiko au akaunti za vyama vya wanawake badala ya mlangoni. Kwa nini chama cha wanawake 20 chenye pesa taslimu kila mwezi kinaogopa kufungua akaunti, nani anatia sahihi, nani anatumwa kuweka: hilo ni swali la sosholojia, na benki nayo inataka kujua jibu lake.

Wiki ya mwisho usitoke bila vitu vitatu: fomu ya tathmini iliyojazwa na kugongwa mhuri, barua ya kumaliza yenye tarehe zote mbili, na sahihi ya afisa kwamba amepokea orodha yako, iliyochapishwa na pia kwenye kompyuta ya ofisi. Faili lake lipe jina lenye mwezi na mwaka, ili mwanafunzi atakayekuja baada yako ajue aanzie kuhakikisha wapi.